Utafutaji wa Hitilafu katika Somo la Kompyuta: Mfano wa Mlango wa Siriali

Miongoni mwa mada ambazo mwalimu wa kompyuta hupenda kuzipita mbio ni ile ya kuunganisha vyombo kwa mlango wa siriali. Kwa kawaida mwanachuo hupewa karatasi yenye hatua saba au nane: chomeka adapta ya USB, weka programu ya kuiendesha, tazama namba ya mlango, fungua programu ya kuongea na chombo, chagua kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kukomea, kisha bonyeza. Maandishi yakitokea kwenye kioo, mwanachuo hupata alama zake na somo huwa limekwisha. Yasipotokea, mwalimu husogea mezani, hugusa hapa na pale, hubadilisha waya, na mambo hutengemaa. Mwanachuo huyo ameona kazi ikifanyika, lakini hakuona kwa nini ilikuwa haifanyiki. Maoni yetu ni kwamba mada hii hufundishwa miguu juu kichwa chini, na kwamba hitilafu, ambayo leo huhesabiwa kuwa ajali inayokatiza somo, ndiyo inayostahili kuwa somo lenyewe.

Huenda msomaji akauliza kama kuna haja ya kuendelea kufundisha jambo hili. Kanuni za RS-232 zilitolewa Marekani mwaka 1960, zikarekebishwa mwaka 1969 katika toleo lililoenea kuliko yote, na plagi ndogo ya pini 9 tunayoifahamu ilikuja na kompyuta ya IBM PC/AT mwaka 1984. Mwaka 1996 ukaja mlango wa USB, na taratibu kompyuta za mezani na za mkononi zikaacha kutengenezwa na mlango wa zamani. Hayo yote ni kweli. Lakini ruta na swichi za mitandao bado huwekwa sawa kupitia mlango wa namna hii. Mizani za maabara, mashine za karakana zinazoongozwa kwa kompyuta, betri za akiba za kulinda kompyuta umeme ukatikapo, na vibao vidogo vya elektroniki ambavyo wanafunzi wa ufundi hujifunzia, vyote huzungumza lugha hiyo hiyo au ndugu yake wa karibu. Mlango umeondoka kwenye kompyuta, haukuondoka kwenye vyombo. Ndiyo maana adapta imekuwa kiungo cha lazima, na ndiyo maana matatizo yameongezeka badala ya kupungua, kwani sasa kati ya mtu na chombo chake kuna chipu, programu na plagi ambazo zamani hazikuwapo.

Ipo sababu nyingine, na kwetu sisi walimu ndiyo kubwa zaidi. Njia nyingi ambazo kompyuta hutumia kupashana habari siku hizi hazionekani wala hazipimiki kwa zana za darasani. Hakuna mwanachuo awezaye kuweka mita ya volti kwenye waya wa USB akasoma kitu cha maana kuhusu yale yanayopita humo. Mlango wa siriali ni mpole. Moja huwakilishwa na volti hasi, kati ya 3 na 15. Sifuri huwakilishwa na volti chanya, kati ya 3 na 15 vilevile. Na eneo lililo katikati halina maana yoyote. Waya usiposema kitu hukaa kwenye hali ya moja, yaani volti hasi. Kwa mita ya bei nafuu, klipu ya karatasi, na taa mbili ndogo za LED zilizounganishwa kwa kupingana pamoja na rezista ya omu 1,000 au 2,000, darasa zima laweza kuona kwa macho habari ikitoka. Kwa kasi ya biti 300 kwa sekunde herufi moja huchukua sehemu ya 30 ya sekunde, na mwanachuo akishikilia kitufe kimoja cha kibodi ataziona taa zikipepesa. Somo gani jingine la kompyuta huweka ndani ya mkono wa mwanafunzi jambo ambalo kwa kawaida huambiwa aliamini tu?

Sasa tuitazame njia tunayoipendekeza. Kabla ya kuunganisha chombo chochote, mwanachuo na aanze kwa kuifanya kompyuta ijisikie yenyewe. Katika plagi ya pini 9 upande wa kompyuta, pini ya 2 hupokea, pini ya 3 hupeleka, na pini ya 5 ni ya ardhi. Klipu ya karatasi ikiunganisha pini ya 2 na ya 3, kila herufi inayopelekwa hurudi palepale ilipotoka. Mwanachuo huandika neno, na neno huonekana kwenye kioo. Jaribio hili ni dogo kiasi cha kuonekana mchezo, lakini limethibitisha mambo manne kwa mkupuo mmoja: namba ya mlango ni sahihi, programu ya adapta inafanya kazi, adapta yenyewe ni nzima, na pini zake zimeungana na chipu iliyo ndani. Hitilafu iliyobaki, kama ipo, imo mbele ya klipu. Kisha waya huongezwa, na klipu huhamishiwa kwenye ncha ya mbali ya waya. Herufi zikirudi, waya nao ni mzima kwa njia hizo mbili. Hatua kwa hatua mpaka husogea kuelekea chombo, na kila mara mwanachuo ajua ni wapi palipo salama na wapi hapajajulikana.

Hapa hatuna budi kutua kidogo, kwa sababu ndipo lilipo fundisho lisilopatikana kwenye karatasi ya hatua nane. Programu nyingi za kuongea na chombo zina uwezo wa kuonyesha kwenye kioo kila kinachoandikwa hata kama hakikutoka nje. Mwanachuo ambaye uwezo huo umewashwa kwake ataona herufi zikitokea, atafurahi, na atasema adapta ni nzima, kumbe herufi hazikuvuka hata kwenye ubao wa kibodi. Dawa yake si kumwambia azime uwezo huo, ingawa lazima auzime. Dawa yake ni kumwagiza aondoe klipu na kuandika tena. Herufi zisipokoma, jaribio halikuwa jaribio. Jambo hili walimu wa sayansi wamelifundisha miaka yote kwa mimea miwili, mmoja juani na mwingine kizani. Mwalimu wa kompyuta naye anayo nafasi ya kulifundisha kwa klipu ya karatasi, na twashangaa kwamba nafasi hiyo huachwa ipite.

Vilevile herufi zinaweza kukataa kurudi ingawa kila kitu ni kizima. Iwapo programu imewekwa ili isubiri ruhusa ya upande wa pili kupitia pini ya 7 na ya 8, nayo ruhusa haipo, itanyamaza milele. Basi ama udhibiti huo uzimwe, ama pini ya 7 na ya 8 nazo ziunganishwe. Mwanachuo aliyekwisha kukutana na ukimya wa namna hii mara moja, akaufumbua mwenyewe, hataharakisha tena kununua adapta mpya.

Ni muhimu pia kufundisha kile ambacho jaribio halisemi. Klipu haiwezi kumwambia mtu kama kasi aliyoichagua ni ile ya chombo, maana kompyuta inapojisikiliza hupeleka na kupokea kwa kasi moja, iwe sahihi au la. Wala haimwambii kama waya wake ni wa moja kwa moja au wa kupishana, kwani pini mbili zilizounganishwa kwenye ncha ni zile zile hata zikibadilishana nafasi. Tungependa kila mwanachuo, baada ya kila jaribio, aandike sentensi mbili katika daftari: jaribio hili limeonyesha nini, na limeacha nini. Sentensi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Suala la kupishana kwa nyaya ndilo huwachanganya wengi, na walimu wengine huliepa kwa kugawa waya ulio tayari. Kanuni yake ni nyepesi: kinachopelekwa na mmoja hakina budi kufika palipo na sikio la mwenziwe. Waliotunga RS-232 walikuwa na pande mbili akilini, upande wa kompyuta na upande wa modemu, na pande hizo zilipewa pini kwa namna ambayo waya wa moja kwa moja ungetosha. Ugumu huja pale vyombo viwili vya upande mmoja vinapokutana; vyote husemea kwenye pini moja na kusikilizia kwenye nyingine, na hakuna asikiaye. Hapo ndipo waya wa kupishana huhitajika. Tena mambo huzidi kukorogeka kwa sababu katika plagi kubwa ya pini 25 upande wa kompyuta, pini ya 2 ndiyo inayopeleka na ya 3 ndiyo inayopokea, kinyume cha ile ndogo, na ardhi iko kwenye pini ya 7. Mwanachuo aliyekariri namba atapotea.

Aliyefundishwa kupima hatapotea. Akiweka ncha moja ya mita kwenye pini ya ardhi na nyingine kwenye pini ya 2, halafu ya 3, atakuta moja ina volti hasi, 5 au zaidi, na nyingine ina karibu na sifuri. Ile yenye volti hasi ndiyo inayopeleka, kwa kuwa waya uliotulia hukaa kwenye hali ya moja. Afanye hivyo kwa kompyuta, afanye hivyo kwa chombo. Pini zinazopeleka zikiwa na namba moja katika plagi mbili za pini 9, waya wa kupishana wahitajika. Zikitofautiana, wa moja kwa moja watosha. Hakuhitaji kitabu cha chombo, ambacho mara nyingi kilipotea zamani pamoja na sanduku lake. Na akiunganisha nyaya mbili za kupishana mfululizo ataona kwamba zimekuwa sawa na waya wa moja kwa moja. Jambo ambalo vile viungo vidogo vya kugeuza plagi dume kuwa jike hulificha ndani yao bila kumwarifu mtu.

Shule moja tunayoijua ilikuwa na mizani ya elektroniki ambayo ingeweza kupeleka uzito moja kwa moja kwenye kompyuta. Adapta ya kwanza haikufanya kazi, ikanunuliwa ya pili, kisha ya tatu. Mizani ikaachwa itumike kwa kusoma kioo chake na kunakili kwa kalamu. Adapta zote tatu zilikuwa nzima. Waya ndio uliokuwa wa kupishana mahali pasipostahili, nao ndio pekee ambao haukubadilishwa. Hatulisemi hili kwa kuwacheka waliohusika, hakuna aliyewahi kuwafundisha kuuliza swali lingine zaidi ya “tununue ipi?”

Tukipita kwenye hatua ya chombo chenyewe, mwalimu na awazoeze wanachuo kutofautisha ukimya na upuuzi. Herufi za ovyo zisizosomeka zikijaa kwenye kioo, mwanachuo huvunjika moyo, na hali angestahili kufurahi. Upuuzi humwambia kwamba waya umefika, ardhi imeungana, na pini ya kupokea iko mahali pake. Kilichobaki ni makubaliano ya kasi, idadi ya biti au pariti. Ukimya ndio mgumu, maana huweza kutoka popote: namba ya mlango, kupishana, ruhusa, waya uliokatika, au chombo kilichozimwa. Na ipo hali ya tatu, ambapo maneno ya chombo yanaonekana vizuri lakini kibodi haimfikii. Hapo macho yaelekezwe kwenye waya wa kupeleka na kwenye udhibiti wa ruhusa, wala si kwenye kasi.

Kwa nini kasi isiyolingana huleta upuuzi? Hili hufundishwa vizuri kwa bendera na ngoma kuliko kwa mchoro. Mwanachuo mmoja ashike bendera, mwingine akae mbali na daftari. Bendera chini ni moja, bendera juu ni sifuri. Wakati wa kutulia bendera iko chini. Ikiinuliwa mara ya kwanza, hiyo ni biti ya kuanzia, na tangu hapo msomaji huhesabu mapigo: biti nane za herufi, ile ndogo ikitangulia, kisha biti ya kukomea. Herufi A, ambayo namba yake ni 65, itakuwa hivi: juu, chini, juu mara tano, chini, juu, na mwisho chini. Mapigo kumi kamili. Kwa kasi ya 9600 mapigo kumi kwa herufi humaanisha herufi 960 kwa sekunde, na kila pigo hudumu sehemu ya milioni moja ya sekunde mara 104 hivi. Baada ya kufaulu mara mbili, mwambie mpiga ngoma wa msomaji aende kwa nusu ya mwendo wa mwenziwe. Darasa litacheka, na halitasahau. Yafaa pia waone kwamba tofauti ndogo huvumilika, kwa vile kila herufi huanza hesabu upya. Ni pale tofauti inapojilimbikiza hadi kufikia nusu ya pigo kabla ya pigo la mwisho ndipo herufi huharibika.

Kuhusu adapta zenyewe tutasema machache. Namba ya mlango katika Windows yaweza kubadilika adapta ikihamishiwa tundu jingine la USB, na iliyokuwa COM3 jana ikawa COM5 leo. Katika Linux mlango huitwa kwa kawaida ttyUSB0, na mtumiaji asiyekuwa na ruhusa hukataliwa kuufungua hata kama kila kitu ni kizima. Mwanachuo atajua ipi ni yake kwa kuichomoa na kutazama ipi imetoweka kwenye orodha. Chipu za bandia nazo ni tatizo la kweli. Mnamo Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ilisambaza, kupitia masahihisho ya Windows, programu iliyobadilisha namba ya utambulisho ya chipu zilizoiga za kwake kuwa sifuri, hivi kwamba adapta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi jioni zilikataa kutambuliwa asubuhi. Baada ya malalamiko programu hiyo iliondolewa. Wengi wa walioathirika hawakujua kwamba walinunua bandia.

Onyo moja litolewe mapema na kwa sauti. Zipo adapta zinazofanana kwa jina lakini hazitoi volti za RS-232. Hutoa volti 3.3 au 5 kwa ajili ya vibao vidogo vya elektroniki, na hali yake ya kutulia ni volti chanya. Mwenye mita ataitambua mara moja. Asiye na mita huweza kuunganisha volti 12 za RS-232 kwenye kibao kisichostahimili hata 6, na kukiunguza. Vivyo hivyo ule waya bapa wa rangi ya buluu wa kuwekea sawa ruta za Cisco: plagi yake huingia barabara kwenye tundu la mtandao, lakini nyaya zake zimegeuzwa zote nane, ya kwanza ikienda kwenye ya nane, na tundu lake si la mtandao bali ni lile lililoandikwa kuwa la kuwekea sawa. Kuingia kwa plagi si ushahidi wa kuwa mahali pake.

Tumesikia pingamizi kwamba njia hii hula muda, na kwamba katika darasa la wanachuo 60 wenye adapta 6 haiwezekani. Muda huliwa, hatukatai. Tungetumia vipindi vinne pale ambapo karatasi ya hatua nane hutumia kimoja. Lakini idadi kubwa haituzuii: mchezo wa bendera hauhitaji kompyuta, kupima waya kama umeungana hakuhitaji adapta, na kundi la watu kumi lenye adapta moja na nyaya sita, tatu kati yake zikiwa na hitilafu, lina kazi ya kutosha. Nyaya za hitilafu mwalimu huzitengeneza mwenyewe kutokana na zile zilizotupwa: mmoja umekatwa waya wa kupokea, mwingine ardhi, mwingine umepishanishwa, na mmoja, huu ni muhimu, ni mzima kabisa lakini umewekwa alama ya kuwa mbovu. Kila waya upewe namba, na majibu yakae kwa mwalimu.

Pingamizi zito zaidi ni la mtihani. Maadamu alama hutolewa kwa kazi iliyokamilika, mwanachuo atatafuta njia ya mkato, naye hatutamlaumu. Tunapendekeza zoezi la vitendo lipimwe kwa daftari. Kati ya alama 10, mbili tu ziwe za chombo kuongea. Nane zilizobaki ziwe za kumbukumbu: alianza wapi, alijaribu nini, kila jaribio lilionyesha nini na liliacha nini, na mwisho hitilafu aliiweka kati ya pointi zipi mbili. Mwanachuo aliyeishiwa muda akiwa ameandika kwamba hitilafu imo kati ya ncha ya mbali ya waya namba 4 na plagi ya mizani, na kwamba hakuwahi kupima ardhi, apewe zote nane. Yule ambaye chombo chake kiliongea baada ya kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja, asijue ni kipi kilichoponya, apewe mbili.